Dayari ya Kumsubiri Baba

Wanangu hupenda kunicheka kwa sababu ya madaftari yangu. Nimeyaweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nimeandika karibu kila jioni tangu nikiwa msichana, na mara moja moja wao huyachomoa wakayasoma kwa sauti, wakijifanya watangazaji wa redio. Mwanangu mkubwa ndiye aliyegundua kasoro. "Mama," aliniambia, "mtu akisoma haya atadhani wewe ni chuma. Hakuna hata siku moja unayoumwa. Kila mahali ni 'nilikuwa naumwa, sasa nimepona.' Hivi wewe huwa unaanza kuumwa lini?" Wakacheka wote, nami nikacheka nao. Kisha nikaenda jikoni, nikasingizia kuangalia maharage, nikakaa huko mpaka macho yakakauka.

Nimeamua kueleza kasoro hiyo imetoka wapi. Nitaeleza taratibu kama nilivyofundishwa kueleza, na mwenye haraka akasome gazeti.

Watu wakisikia neno dayari hufikiri ni kitu cha siri, cha kuficha chini ya mto. Ya kwetu haikuwa hivyo. Iliandikwa kwa sauti, barazani, watu wakipita njiani na wengine wakisimama kuchangia. Mama alisema, mimi niliandika, na mdogo wangu alidai naye aingizwe. Haikuwa ya mama wala yangu. Ilikuwa ya baba, na baba hakuwepo.

Baba alikuwa mpima kahawa wa chama cha msingi cha ushirika kijijini kwetu, huku juu Mbinga ambako nyumba ya kila mtu ina mteremko wake. Alivaa koti la kaki lenye mifuko mikubwa, akasimama kwenye mizani msimu mzima, na kila aliyeleta gunia lake alimletea na habari. Nani kaoa, nani kagombana na shemeji yake, ng'ombe wa nani kaingia mtoni. Baba alipenda habari kuliko chakula. Akirudi jioni alikuwa hataki kula kabla hajatuhadithia, na ugali ulikuwa unapoa mama akinung'unika.

Halafu likaja soko huria. Sisi watoto tulidhani ni mtu, kwa jinsi wakubwa walivyokuwa wakilitaja kwa hasira. Wanunuzi binafsi wakaanza kupanda na pikapu zao, wakasimama barabarani wakapima kahawa kwa mizani zao wenyewe. Mwaka wa kwanza watu walifurahi, maana walilipwa palepale. Ghala la chama likafungwa kufuli, na mizani ya baba ikabaki ndani. Kwa muda mrefu baada ya hapo aliendelea kuvaa koti lake kila asubuhi na kwenda kukaa kwenye ngazi za ghala. Hakuna aliyemletea gunia, na habari nazo zikawa zinapita mbali naye, kule barabarani kwenye pikapu. Mimi nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Ndipo ikasikika Tunduru. Vito vimeonekana, watu wanachimba mtoni na maporini, aliyekwenda na kandambili amerudi na baiskeli. Wanaume wa vijiji vyetu wakaanza kuondoka kwa makundi. Siku ya kuondoka kwake baba aliingia ndani, akatoka na dayari nene yenye jalada la kijani, moja ya zile ambazo chama kilikuwa kikiwagawia watumishi wake zamani. Hakuwahi kuandika ndani yake hata neno moja. Mwaka uliochapwa juu yake ulikuwa umekwisha kupita, hivyo Jumapili zake hazikuwa Jumapili za kweli.

"Niandikieni kila siku," alisema. "Vitu vyote, hata vya kijinga. Nikirudi nitakaa hapa nisome mwanzo mpaka mwisho, nisiwe mgeni nyumbani kwangu." Kisha akanipa mimi, siyo mama, kwa sababu nilikuwa darasa la sita na mwandiko wangu ulisifiwa. "Wewe ndiye karani. Mama yako ndiye msemaji."

Alikuwa anajua anachofanya. Mama alitoka Ngumbo, kule chini ziwani, na watu wa kwao wana utaratibu wao wa habari. Kwao mtu akifika haulizwi kitu akiwa amesimama. Anakaa, anapewa maji, anakunywa, watu wananyamaza kidogo apumue. Halafu mwenye nyumba anatoa habari za hapo tangu mwanzo, akitanguliza njema, na mgeni anaitikia kila msemaji anapotua. Mwisho mgeni naye anatoa za safari yake. Tena habari ina mwenyewe. Aliyekuwepo jambo likitokea ndiye anayelitoa, na anayewahi kulisema njiani anahesabika amemwibia mwenzake. Baba, ambaye ni Mmatengo, alikuwa akimtania kwamba kwao mtu anaweza kuungua moto huku bado wanamwekea maji ya kunywa. Lakini alimpenda kwa hilo. Siku ya kwanza alipokwenda kwao kuposa alipewa habari za kijiji kizima, akasema hapo hapo aliamua kuoa.

Basi tukaanza. Kila siku jua likiwa bado lina nguvu ya kutosha, maana mafuta ya taa hayakuwa ya kuchezea, mama alinawa mikono, akakaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu. Mimi nilikaa kwenye kigoda na dayari juu ya mapaja. Alisema nusu Kinyasa nusu Kimatengo, nami niliandika Kiswahili, kwa sababu hicho ndicho shule ilichonifundisha kuandika.

"Andika: hapa hatujambo," ndivyo alivyoanza kila siku. Kisha ikafuata siku yenyewe. Kuku mwekundu ameangua. Katekista amesahau miwani yake kigangoni na masomo yamesomwa na mkewe. Kahawa imemenywa, ipo kwenye kichanja, jua ni la kusuasua. Wakati wa kuandaa ngoro, yale mashimo tunayolimia kwenye miteremko, kazi ya kulaza majani kwa mistari ya mraba ilikuwa ya wanaume, na baba hakuwepo, kwa hiyo mama aliilaza mwenyewe. Majirani walikuja kutazama wakacheka, wakasema mistari ya mtu wa ziwani inayumba kama mtumbwi. Jioni mama akasema, "Andika majani yamelazwa." Akafikiri. "Usiandike yamelazwaje."

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa kitinda mimba, hajaanza shule, na alikuwa na maneno mengi kuliko sisi wawili. Baada ya mama kumaliza yeye alisogea akasema, "Sasa zangu." Ilinibidi niandike. Ameumwa na nyuki mguuni. Ameota ndoto ya mbuzi anayeongea. Anajua sasa kupiga mbinja, na tulipomwambia apige ilitoka hewa tupu, naye akasema niandike hivyo hivyo, baba atasikia akija. Mimi nilimnung'unikia kwamba anamaliza karatasi, naye akanijibu karatasi ni ya baba, siyo yangu. Ulikuwa ukweli mtupu.

Sheria ya mama ilikuwa moja tu, na ilikuwa kali. Ugonjwa hauandikwi mpaka upone.

Mara ya kwanza ilikuwa mimi mwenyewe, nilipoumwa macho wiki nzima. Nikaandika, "Leo naumwa macho." Mama, ambaye alisoma polepole kwa kidole, aliuona mstari ule akanifutisha. "Baba yako akisoma hapa atapata wasiwasi," alisema, "na wasiwasi wake hautakuponya. Ngoja upone. Ukipona utaandika uliumwa, na hapo hapo chini yake umepona. Atashtuka na kutulia kwa pumzi moja." Nilipopona tukaandika hivyo. Tukafanya vilevile mkono wa mama ulipotegukia shambani, na mdogo wangu alipopata surua. Ugonjwa na kupona vilikaa mstari mmoja, na ukiisoma dayari ile unaona nyumba ambayo watu wake waliumwa jana tu.

Baba alikawia. Msimu wa kahawa ukapita, na Krismasi nayo. Mara mbili tulipata salamu kupitia watu waliorudi: hajambo, anachimba, Mungu akipenda. Dayari ilijaa mpaka zaidi ya nusu.

Kisha, mvua zikiwa bado zinanyesha na mahindi yamefika kiunoni, mdogo wangu akashikwa na homa. Ilikuja, ikaondoka, ikarudi. Mama alimpeleka zahanati, wakampa vidonge. Akapata nafuu, akaomba ndizi mbivu, akala. Homa ikarudi tena. Mama akambeba mgongoni, yeye na shangazi wakipokezana, mpaka hospitali, wakalazwa huko, wakarudi naye akiwa anatembea mwenyewe kidogo. Siku zote hizo tuliandika. Mahindi yamepaliliwa. Daraja la mto limesombwa, watu wanapita kwenye gogo. Hapa hatujambo.

Jioni moja alikuwa amelala mkekani karibu na miguu ya mama, amefunikwa kitenge, uso umekuwa mdogo. Mama alipomaliza, akasema kwa sauti yake ya homa, "Sasa zangu. Andika mimi naumwa."

"Utaandikwa ukipona," mama akamwambia.

"Na jino?"

Jino lake la mbele, la kwanza kabisa, lilikuwa limeng'oka asubuhi ile. Mama alimbeba mpaka nje, akamwinua ili alitupe juu ya paa kama watoto wote wanavyofanya. Mara ya kwanza liliteleza kwenye bati likarudi chini. Tukalitafuta majanini sote watatu. Mara ya pili halikurudi, naye akatabasamu na ule mwanya wake mpya, akachoka, akalala begani kwa mama.

"Na jino nalo tutaliandika ukipona," mama akasema. "Yote siku moja. Baba asome vizuri."

Alifikiri. Alikuwa mtoto wa kukubali jambo likiwa na sababu. Kisha akanigeukia mimi. "Basi acha nafasi," akasema.

Nikaacha mistari mitupu katikati ya ukurasa. Akainua kichwa kuangalia kama ni mingi ya kutosha. Nikamwongezea mmoja. Kisha nikaandika chini yake kwamba kuku amepotea na ameonekana.

Alifariki siku chache baadaye, asubuhi, watu wakijiandaa kwenda mashambani. Mama alikuwa amekwenda kuchota maji ya kumwogesha. Mimi ndiye niliyekuwa naye, na sitasema zaidi ya hapo.

Tulimzika upande wa chini wa shamba letu la kahawa, kwenye makaburi ya ukoo. Kabla ya maziko shangazi alimtuma mtu mmoja aliyekuwa anaelekea Tunduru, akampa maneno yale yale ambayo watu wetu hutumia: mwambieni aje upesi, mtoto anaumwa. Kila mtu anajua maana yake. Mtu yule alikwenda, akaulizia, akaambiwa baba amehamia machimbo mengine, akahangaika kisha akarudi. Hakuna wa kumlaumu.

Matanga yalipokwisha na watu wakatawanyika, jioni ile ya kwanza ya sisi wawili peke yetu, mama akanawa mikono, akakaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu. "Lete dayari," akasema. Nikaileta. Nilidhani sasa tutaandika. Nilikuwa nimeshika kalamu kwa nguvu mpaka vidole vinauma.

"Andika: hapa hatujambo," mama akasema. "Leo mvua imenyesha."

Nilimchukia. Nasema hivyo bila kuficha, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliona ni mwanamke mwenye moyo wa jiwe, ametoka kuzika mtoto na anazungumza mvua. Nikamwambia siandiki mvua, naandika kilichotokea, nikainamisha kalamu. Akaweka kiganja chake chote juu ya ukurasa, kikafunika mistari. Hakunipiga wala hakupaza sauti.

"Huyu ni mtoto wake," alisema. "Asiambiwe na karatasi, amekaa peke yake, hakuna wa kumshika bega. Hata kama wewe ndiye uliyekuwa naye, hii habari ni yangu mimi niliyemzaa. Nitaitoa mimi kwa mdomo wangu, akiwa amekaa, ameshakunywa maji. Wewe andika mvua."

Nikaandika mvua. Niliandika mvua mpaka zikaisha, nikaandika baridi ya Juni, nikaandika kahawa inachumwa, na kila siku mama alianza na hapa hatujambo. Akimaliza kusema tulikaa kimya kidogo, wote wawili, kwa muda ule ule ambao zamani ungekuwa wa mdogo wangu. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Ndiyo ikawa zamu yake.

Baba alirudi siku ambayo mama hakuwepo.

Bibi yangu kule Ngumbo alikuwa mgonjwa, na mama alikuwa ameteremka kumwona, akaniacha mikononi mwa shangazi, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya bonde. Usiku nililala kwa shangazi, mchana nilirudi nyumbani kulisha kuku na kugeuza kahawa kichanjani. Nilikuwa hapo kichanjani mchana nikasikia mtu anakohoa njiani, kikohozi cha mtu anayetaka kutambulika. Alikuja kwa njia ya juu, ile ya barabarani, kwa hiyo hakupita makaburini.

Alikuwa amekonda, ndevu zimeota ovyo, lile koti la kaki limepasuka begani. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni tu. Nilimsalimu shikamoo huku nimepiga goti, akaitikia marahaba na kuniinua, akanitazama sana. "Umekuwa mkubwa," akasema. Kisha akacheka. "Watu wa hapa wamekuwaje? Njia nzima wananisalimia kama wanamsalimia mgonjwa. Hakuna hata mmoja aliyenitania kwa kurudi mikono mitupu."

Nilimpa kigoda na maji. Alipokunywa, akauliza mama yuko wapi. Nikasema yuko Ngumbo, bibi anaumwa, atarudi kesho. "Ah," akasema, akiangalia uwanja ulivyo kimya, "na kitinda mimba kamfuata mama yake." Hakuwa ameniuliza. Alijijibu mwenyewe, kama mtu aliyechoka anavyojijibu. Akatoa kwenye mfuko kiberiti, ile boksi yake ndogo, akaitikisa karibu na sikio langu. Ndani kulikuwa na vijiwe vidogo vya rangi, vile ambavyo wanunuzi wa vito walivikataa kwa kukosa thamani. "Hivi ni vyake," akasema. "Wewe utapata kitu kingine. Haya, lete dayari yangu."

Ningeweza kusema imepotea, lakini hilo halikunijia. Nililokuwa nalo kichwani lilikuwa moja tu, kwamba habari ile si yangu. Nilimletea.

Alikaa mgongo ukiwa ukutani, jua likimwangukia miguuni, akaanza ukurasa wa kwanza. Alisoma kila kitu. Aliuliza kuku yupi huyo, na ndoa ile iliishia wapi. Aliposoma majani yamelazwa alisema, "Kayalaza mwenyewe," halafu akasema tena, polepole. Kwenye habari za mdogo wangu alicheka kwa sauti. Mbuzi anayeongea alimsoma mara mbili. Kwenye mbinja alijaribu yeye mwenyewe kupiga mbinja, akapiga vizuri, akaangalia njia ya bondeni kama vile mtu angemjibu kutoka kule.

Mimi niligeuza kahawa iliyokuwa imekwisha kugeuzwa. Niliijua ile dayari kama ninavyojua sala ya Baba Yetu. Kwa unene wa kurasa zilizobaki mkono wake wa kulia nilijua alipofika. Nilimwomba Mungu alete mvua, alete mgeni, alete chochote cha kumwinua pale alipokaa.

Akaacha kusoma. Kidole chake kilikuwa katikati ya ukurasa.

"Hapa mbona umeruka?"

"Sijaruka, baba. Ni nafasi ya mdogo wangu."

"Nafasi ya nini?"

"Alisema nimwachie. Ya akipona."

Baba aliijua sheria ya mama. Alikuwa ameishi nayo tangu kabla sisi hatujazaliwa. Alifungua ukurasa uliofuata, akatafuta kwa kidole, akafungua mwingine. Mvua imenyesha. Akafungua mwingine. Alikuwa hasomi tena, alikuwa anatafuta neno moja tu, amepona, akigeuza kurasa kwa haraka, kisha kwa haraka zaidi, akipita Juni, akipita kahawa, mpaka akafika kwenye karatasi nyeupe ambazo hazijaandikwa. Hapo akarudi nyuma akaanza tena.

Mwishowe akainua uso. "Alipona lini?" akaniuliza.

"Mama atakwambia, baba," nikasema.

Akafunga dayari. Akaiweka magotini, akaweka ile boksi ya kiberiti juu yake, akazishika zote kwa mikono miwili. Nilikimbia bondeni kumwita shangazi. Tulipofika alikuwa amekaa vilevile. Shangazi alipoinua mikono kichwani ili aanze kulia, baba akamzuia. "Usilie, dada," akamwambia. "Mwenye habari hajafika."

Sijawahi kuona heshima kubwa kuliko hiyo mtu akimpa mkewe, na yeye mwenyewe alikuwa Mmatengo, utaratibu ule wala si wa kwao. Shangazi alishusha mikono. Alipika ugali, hakuna aliyeula. Majirani walipita kwa mbali, wakaona kimya, wakaelewa, wakaenda zao.

Mama alifika kesho yake alasiri, kwa gari lililopanda kutoka Mbamba Bay, kikapu cha dagaa kichwani. Aliviona viatu vya baba mlangoni kabla hajamwona mwenyewe. Akasimama. Akakitua kikapu taratibu, kama kuna mayai ndani. Akaingia ndani, akatoka na maji kwenye kikombe, akapiga magoti akampa, na baba akanywa yote. Mama akakaa mkekani, akanyoosha miguu. Wakanyamaza.

"Habari za hapa?" baba akauliza.

"Hapa hatujambo," mama akasema. Alianza na njema. Mkweo ziwani ana nafuu. Mtoto wako mkubwa amefaulu kuingia darasa la saba. Kahawa haikuwa mbaya. Kila alipotua baba aliitikia, "Eee." Mvua zilikuwa nzuri. "Eee." Mahindi yalifika kiunoni. "Eee." Wakati huo mwanao wa mwisho akashikwa na homa. "Eee," baba akaitikia, na yule mtu mzima akaanza kutetemeka mwili wote huku akiitikia. Mama hakuruka kitu. Zahanati, ndizi mbivu, mgongoni mpaka hospitali, maji ya kuogesha. Alipofika mwisho alisogea akamshika bega kama alivyosema atamshika, na ndipo baba akalia, kwa sauti kubwa, kama mtu aliyeambiwa sasa hivi. Shangazi naye akaachia, na mlima mzima ukajua kwamba ameambiwa.

Pale ndipo nilipoacha kumchukia mama. Miezi ile yote alikuwa ameibeba habari ile peke yake, bila kuitua hata mara moja, ili isimwangukie mwenzake akiwa amesimama.

Watu walikuja tena, tukakaa matanga ya pili kwa ajili ya baba. Yalipokwisha, jioni ya sisi watatu, mama alinawa mikono. Baba alikuwa amekaa karibu naye mkekani, ile boksi ya vijiwe mkononi. Mama akasema niilete dayari, nikauliza niandike wapi, mbele kwenye karatasi nyeupe? Akatikisa kichwa. Akaichukua mwenyewe, akatafuta kwa kidole chake kizito mpaka akaipata ile mistari mitupu, akanirudishia ikiwa wazi hapo.

Kalamu ilikuwa imekauka, nikaisugua kati ya viganja ipate moto. Nikasubiri anipe sentensi. Nilidhani atasema homa, au hospitali, au siku yenyewe. Nilikuwa tayari kuandika herufi ndogo ndogo ili vyote vienee.

"Anza na jino," mama akasema.

Nikaanza na jino, jinsi lilivyorudi mara ya kwanza na jinsi tulivyolitafuta majanini, na nafasi ikaishia hapo.